Maswali ya Wasomaji: Mzingile wa Kwaresima, Kuanzia Chokaa Hadi Kitovuni

Katika toleo lililopita tulitoa aya mbili tu kuhusu kutembea mzingile kama sala ya Kwaresima, tukadhani tumemaliza. Barua zilizoletwa zimetuonyesha kwamba hatukuanza hata. Kwa aliyekosa toleo lile: mzingile ni njia moja iliyochorwa chini, inayopindapinda hadi katikati. Unaingia kwa miguu ukisali, unasimama kitovuni, kisha unatoka kwa njia ileile. Wengine huuita labirinti. Sisi tunalipendelea neno la kwetu, ambalo wazee walilisema kwa kirefu chake: mzingile-mwambiji.

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu wa chuo anasema mzingile ni mambo ya Wagiriki na miungu yao, eti ndani kuna jitu lenye kichwa cha ng'ombe. Jumuiyani mwingine anasema ni yoga iliyovikwa rozari. Naomba kujua kama ni halali, na kama ni tofauti na ile michezo ya gazetini ya kumtafutia panya njia.
*Mama wa jumuiya, Tabata*

Milele na milele, Mama. Mwanao kasoma vizuri, ila aliishia nusu ya hadithi. Wagiriki walikuwa na kisa cha jumba la Krete lenye Minotauro, ndilo jitu hilo, ndani, na kijana Theseus aliyeingia akamuua akatoka salama. Wakristo walilikuta umbo hilo, wakalipa maana yao: aliyeingia penye mauti akatoka mzima ni Kristo. Na walifanya hivyo mapema, tena katika bara letu. Mzingile wa kanisani ulio wa zamani kuliko yote inayojulikana ulikuwa kwenye sakafu ya basilika ya Reparatus huko Algeria, kanisa lililoanzishwa mwaka 324, kwenye mji unaoitwa leo Chlef. Ulitengenezwa kwa vijiwe vya rangi, upana wake haufiki mita 3, na katikati yake hakuna jitu lolote. Kuna herufi zilizopangwa ili zisomeke kila upande: *Sancta Eclesia*, yaani Kanisa Takatifu.

Ulio maarufu zaidi uko katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa. Ulitandazwa mwanzoni mwa karne ya 13, una upana wa karibu mita 13, mizunguko 11, na njia yake ikinyooshwa ina mita 261 hivi. Siku nyingi hufunikwa na viti vya waumini, lakini kuanzia Kwaresima viti huondolewa siku za Ijumaa ili watu waupite.

Hapa tutie neno moja la tahadhari. Utasikia ikihubiriwa kwamba watu wa zamani walioshindwa kwenda kuhiji Yerusalemu waliupita mzingile wa Chartres kwa magoti badala ya safari. Ni habari tamu, ila hakuna andiko la wakati ule linaloisema; imeanza kuandikwa karne nyingi baadaye. Usiitumie kumshawishi Paroko. Desturi ya sasa ya kuutembea kwa sala ilipata nguvu upya miaka ya 1990, hasa kupitia kasisi Lauren Artress wa Kanisa kuu la Grace, San Francisco, ambaye ni Mwanglikana.

Kuhusu yoga: humo hakuna mkao wala pumzi za kuhesabu, na hakuna neno la kurudiarudia isipokuwa lile utakaloingia nalo mwenyewe. Mzingile si sakramenti na mistari yake haina nguvu yoyote. Ukiingia na Zaburi ni sala. Ukiingia unapiga soga ni matembezi. Na ile michezo ya gazetini ina njia panda na njia zilizozibwa, maana lengo lake ni kukupoteza. Mzingile hauna njia panda hata moja. Ukiendelea kutembea utafika, na kwa sababu huna cha kuchagua, kichwa hupata nafasi ya kusali.

Bado umwone Paroko au Mchungaji kabla ya kutoa tangazo. Si kwa hofu. Jambo geni likimkuta kiongozi kwa mara ya kwanza kwenye matangazo ya Jumapili, huwa gumu hata kama ni jema.

Vijana wetu wamekubali kuuchora uwanjani nyuma ya kanisa. Tumejaribu Jumamosi mbili, kila mara tunapata chumba kilichofungwa pande zote, njia haifiki katikati. Tupeni vipimo.
*Katibu wa vijana, Kigamboni*

Kaka katibu, bila shaka mlijaribu kunakili ule wa Chartres kutoka kwenye picha ya simu. Uacheni kwanza. Chukueni ule wa kale wa mizunguko 7, unaochorwa kwa kamba na vigingi vitano bila hesabu ya kuumiza kichwa. Isitoshe, hati za Ulaya za zama za kati ziliuchora mzingile zikauandika Yeriko, mji uliozungukwa mara saba siku ya saba, kwa hiyo saba ina sababu yake.

Vifaa: kamba ya katani ya mita 6 (msitumie nailoni, inavutika, na duara la nje litatoka kama yai), vipande vitano vya nondo vya sentimita 40, nyundo, tepu ya fundi, mifuko miwili ya chokaa ya kilo 25, na kopo lililotobolewa matundu chini. Mfuko mmoja unatosha kwa mstari wa upana wa vidole vitatu. Wa pili ni wa kurudishia. Watu watatu, asubuhi moja.

Tunachukua njia yenye upana wa sentimita 60. Umbo zima litakuwa na upana wa mita 9 na urefu wa mita 8.1. Kosa la kwanza la karibu kila kundi ni kuuweka msalaba katikati ya uwanja. Msalaba hauko katikati ya umbo. Kutoka makutano ya msalaba mnahitaji mita 5.7 kwenda juu, mita 2.4 kwenda chini, mita 4.8 kulia na mita 4.2 kushoto. "Chini" ni upande wa mlango, pale atakaposimama mtu anayetaka kuingia. Pimeni hayo kwanza, na muache nusu mita ya ziada kila upande.

Sasa mbegu, maana umbo lote huota kutoka hapo. Choreni msalaba wenye mikono minne ya sentimita 120 kila mmoja. Hakikisheni pembe mraba kwa kanuni ya mafundi: tia alama sentimita 90 kwenye mkono mmoja na 120 kwenye mkono wa jirani, kutoka alama hadi alama lazima iwe 150 kamili. Katika kila moja ya robo nne za msalaba, choreni herufi L. Kona ya L iwe sentimita 60 kutoka mistari yote miwili ya msalaba, na mikono yake ya sentimita 60 itazame nje, sambamba na msalaba. Mwisho, wekeni nukta nne, moja kila robo, sentimita 120 kutoka mistari yote miwili. Nukta hizo ni kona za mraba wa mita 2.4, na ncha zote za msalaba na za L zinaishia kwenye pande za mraba huo. Kama kuna ncha iliyopita au iliyopungua, sahihisheni sasa hivi.

Pigeni nondo kwenye nukta zote nne. Nondo ya tano iende sentimita 30 kulia kwa ncha ya juu ya msalaba. Rudieni kuisoma sentensi hiyo. Anayeipiga juu ya ncha yenyewe ndiye anayepata kile chumba kilichofungwa.

Kutoka nondo hiyo ya tano, choreni nusu duara nane za upande wa juu tu, kwa kamba yenye urefu wa sentimita 30, 90, 150, 210, 270, 330, 390 na 450. Zote zianze na kuishia kwenye mstari mmoja wa mlalo unaopita nukta mbili za juu. Ya kwanza itaunganisha ncha ya msalaba na L ya juu kulia. Ya pili itatoka L ya juu kushoto hadi nukta ya juu kulia. Hizo mbili zimekwisha. Ya tatu itaanzia kwenye nukta ya juu kushoto. Nyingine zote zitabaki zinaning'inia, na ndivyo inavyotakiwa.

Hamisheni kamba kwenye nukta ya juu kulia. Mistari sita inayoning'inia upande huo iteremsheni kwa robo duara za sentimita 60, 120, 180, 240, 300 na 360. Nne za kwanza zitajishika zenyewe: kwenye L ya juu, mkono wa msalaba, L ya chini, na nukta ya chini. Mbili za mwisho zitapita chini ya nukta hiyo. Nendeni nukta ya juu kushoto, fanyeni vivyo hivyo kwa mistari mitano: sentimita 60, 120, 180, 240, 300. Nne zitashika, mmoja utapita chini.

Sasa mna mikia mitatu. Kutoka nukta ya chini kulia, robo duara ya sentimita 60 inaupeleka mkia wa ndani kwenye ncha ya L ya chini kulia, na ya sentimita 120 inaupeleka wa nje kwenye ncha ya chini ya msalaba. Kutoka nukta ya chini kushoto, robo duara ya sentimita 60 inaumaliza mkia wa mwisho kwenye L ya chini kushoto. Mlango ni uwazi uliobaki mara moja kushoto kwa mguu wa msalaba.

Mpeni mtoto wa Sunday school autembee kabla chokaa haijakolea. Mkihesabu mizunguko kutoka nje, lazima apite 3, 2, 1, 4, 7, 6, 5, kisha kitovu. Akikwama, hesabuni miunganiko ya kulia kutoka juu: nukta, L, msalaba, L, nukta. Mmoja mmeuruka. Jumla ya mistari ni mita 108 hivi, na njia hadi kitovuni ni mita 93, kwa hiyo kwenda na kurudi haifiki mita 190.

Chokaa hula ngozi ikilowa. Mkiitumia, watu waingie na ndala zao. Mkitaka watu wavue viatu, wekeni vipande vya tofali au mawe kila sentimita 30. Mtahitaji kama 360.

Sisi hatuna uwanja, magari yanaegeshwa hadi mlangoni. Na Kwaresima yetu inaangukia masika. Tufanyeje?
*Mzee wa kanisa, Kimara*

Shikamoo mzee wetu. Ingieni ukumbini. Vipimo ni vilevile, ila badala ya chokaa tumieni ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Badala ya nondo, mtu ashikilie kamba kwa kidole juu ya alama ya penseli, naye awe mtu asiyechoka haraka. Kwenye mpindo tepu haikubali kukunjwa. Ikateni vipande vya sentimita 15 mvipange kama vigae. Ing'oeni siku ileile. Tepu ikilala siku tatu kwenye joto la jiji hili, gundi inabaki sakafuni, na mhudumu wa kanisa atawakumbuka hadi Pentekoste.

Turubai la plastiki lisiwashawishi. Likilowa linateleza, likikauka linajikunja na kuwakwaa wazee.

Mwinjilisti wetu anataka watu 30 waupite jioni moja. Wataingiaje bila kuwa foleni ya mwendokasi? Na wanaoingia wakikutana na wanaotoka?
*Kiongozi wa maombi, Mbagala*

Thelathini ni wengi kwa umbo hili, na sababu yake ni kitovu. Katika mzingile wa kale kitovu hakina upana zaidi ya njia yenyewe, sentimita 60. Ni mtu mmoja tu anayesimama pale. (Ule wa Chartres una ua la petali sita katikati, kundi zima husimama humo.) Mkiruhusu mtu mmoja kila baada ya dakika 2, watu 20 wataingia kwa dakika 40, na wa mwisho atatoka baada ya dakika 15 hadi 20. Hiyo ni saa moja, na inatosha. Kumi waliobaki waje siku nyingine.

Awepo mlinzi wa mlango mmoja mwenye saa. Kazi yake ni kumgusa bega anayefuata na kunyamaza. Kitovuni mtu akae kwa muda wa Baba Yetu tatu zisizo na haraka, kama dakika moja na nusu. Mkiliacha hilo bila kusema, atatokea mmoja wa kupiga magoti robo saa, na nyuma yake msongamano.

Kukutana njiani hakuepukiki. Anayetoka ndiye anayempisha anayeingia, kwa kuweka mguu mmoja nje ya mstari na kuurudisha palepale. Anayetoka amekwishafika, hata akipotea hapungukiwi na kitu. Anayeingia akiruka mstari anaweza kugeuka bila kujua, akarudi mlangoni akidhani anaelekea kitovuni.

Tatizo halisi la kwetu, hata hivyo, ni salamu. Utampitaje mzee uso kwa uso, pumzi kwa pumzi, bila shikamoo? Kijana mwenye malezi hawezi, na akishatamka, kimya cha wote kimevunjika. Basi salamu zote zimalizwe mlangoni kabla ya mtu wa kwanza kuingia, na kiongozi aseme wazi kwamba ndani tunaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Wazee wakisikia wenyewe hawatamhesabia mtu utovu wa adabu.

Kuhusu cha kusali: Kwaresima ina Zaburi saba za toba, ya 6, 32, 38, 51, 102, 130 na 143, na mzingile una mizunguko saba. Zinaingiana vizuri mno. Lakini msiwape watu karatasi za kusoma wakitembea. Macho yakiwa kwenye karatasi, miguu hutoka njiani. Kabla ya kuingia kila mtu achukue mstari mmoja tu, kama ule wa 51, "Ee Mungu, uniumbie moyo safi," auchukue hadi kitovuni na kurudi nao. Kwa kundi linalokuja kila wiki, zaburi moja kila juma kwa majuma sita, na ya saba ibaki kwa Juma Takatifu.

Waambieni pia jambo hili kabla, kwa maana linawasumbua wengi. Mzunguko wa tatu unaoutembea ndio wa nje kabisa: ulikuwa ndani, ghafla uko ukingoni. Na mzunguko wa tano unakupitisha ubavuni mwa kitovu, unaweza kukigusa kwa mkono, halafu njia inakutoa nje tena kwa mizunguko miwili. Hapo ndipo watu husimama na kutazama huku na huku wakidhani wamekosea. Hawajakosea. Anayefahamu Kwaresima anayajua majira hayo, wiki ya nne hivi, ambapo mfungo ulioanza kwa moto unaonekana umerudi ulikotoka.

Siku msiifanye Ijumaa. Ijumaa ni ya Njia ya Msalaba, na vituo 14 havihitaji mshindani. Jumatano jioni au Jumamosi alfajiri inafaa.

Nilifunga Jumatano ya Majivu, nikaenda kutembea mzingile mchana, nikapata kizunguzungu hadi nikakaa chini. Wenzangu wanasema ni upako.
*Dada wa Sinza*

Pole sana dada. Kwa maelezo yako ni njaa, jua na kiu. Kwanza, maji hayavunji mfungo wa Kwaresima. Kwa Wakatoliki mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni mlo mmoja kamili na midogo miwili, na unawabana wenye afya, kuanzia miaka 18 hadi 59. Pili, saa. Tembea kabla ya saa 1 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Tatu, macho: anayekodolea vidole vyake vya miguu kwenye mipindo atasikia kichwa kinazunguka hata akiwa ameshiba. Tazama hatua mbili tatu mbele, na kwenye mpindo geuza mwili wote polepole badala ya kuzungusha shingo. Usifumbe macho.

Mjamzito, mwenye kisukari, au anayetumia dawa za presha asiunganishe mfungo na mzingile siku moja bila kuongea na daktari wake. Na kizunguzungu kikikurudia ukiwa umekula na umekunywa maji, nenda hospitali.

Magoti yangu hayaniruhusu. Nibaki kuwatazama?
*Bibi wa Magomeni*

Shikamoo bibi, usibaki. Mwambie mjukuu achore umbo lilelile kwenye kadibodi akigeuza sentimita 60 kuwa sentimita 1.5, litatoka upana wa sentimita 22 na nusu, linakaa pajani. Mistari aipitishe gundi nyeupe na kunyunyizia mchanga, ikauke usiku kucha, ili kidole kisikie ukingo. Au mwenye cherehani aushone kwenye kipande cha khanga. Tumia kidole cha mkono usioandikia, wa kushoto kwa walio wengi, kwa sababu mkono uliozoea kazi unakimbia. Dakika 10 kwenda na kurudi ni mwendo mzuri. Baadhi ya makanisa ya Italia yana mizingile ya kidole iliyochongwa ukutani. Ule wa kanisa kuu la Lucca ni mmojawapo, kwa hiyo hujapewa makombo.

Tunataka kuuchora ufukweni Juma Takatifu, alfajiri. Tukifika maji yamejaa.
*Kikundi cha sala, Kunduchi*

Mtafika na kuyakuta yamejaa kila mwaka, na si bahati mbaya. Pasaka hufuata mwezi mpevu, kwa hiyo Juma Takatifu haliukosi mwezi mpevu, na mwezi mpevu ndio unaoleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa alfajiri, saa 10 hivi, na kupwa kabisa mnamo saa 4 hadi 5 asubuhi. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Muulizeni mvuvi yeyote wa hapo Kunduchi, atawapa saa yenu bila kutazama kitabu.

Kwa hiyo chagueni moja. Ama mchore asubuhi maji yanapotoka, kama saa 2 na nusu, kwenye mchanga uliolowa lakini usiobonyea, mkamaliza kutembea kabla jua halijawa kali. Ama mje wiki moja kabla, kwenye maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, ambapo maji hupwa jioni kama saa 10 au 11, ila ufukwe unaofunuliwa ni mwembamba, kwa hiyo punguzeni njia iwe sentimita 45. Kila kipimo tulichompa katibu wa Kigamboni kizidisheni kwa robo tatu.

Mchanga hauhitaji chokaa. Fimbo ya ufagio inatosha, na mstari uwe na kina cha vidole viwili. Vigingi viwe virefu zaidi, sentimita 60, la sivyo vitalala. Kwanza pitieni eneo lote kwa reki kuondoa vipande vya chupa. Na mjulisheni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa sababu watu wanaochora maduara ufukweni kabla jua halijapanda sana huzua maswali.

Watoto wa mtaani wamegeuza mzingile wetu uwanja wa kukimbizana. Tuwafukuze?
*Mlinzi wa kanisa, Buguruni*

Huko Reims, Ufaransa, mapadre walichoshwa na makelele ya watoto waliokuwa wakicheza kwenye mzingile wakati wa ibada, wakaung'oa wote, karne ya 18. Auxerre walikuwa tofauti: siku ya Pasaka mapadre wenyewe waliucheza, wakirushiana mpira na kuimba wimbo wa Pasaka juu ya mzingile, hadi desturi hiyo ilipokomeshwa mwaka 1538. Wakati wa ibada wazuie. Saa nyingine waache wakimbie. Watakuwa wameijua njia kwa miguu kuliko wazee wote wa kanisa. Mistari itakayofutika mtairudishia kwa ule mfuko wa pili wa chokaa.